Kupiga Picha za Harusi na Kuijenga Biashara Yake: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kinachoitenga harusi na kazi nyingine za kamera ni kwamba hairudiwi. Picha ya bidhaa ikiharibika, bidhaa bado iko mezani. Picha ya pasipoti ikitoka vibaya, mtu hukaa tena kitini. Pete ikishavikwa, imevikwa. Mteja anayekuja kwako, hata kama maneno yake yote ni ya rangi na mitindo, kwanza kabisa anataka kujua kwamba siku ile picha zitapatikana. Vifaa, bei, mkataba na utunzaji wa mafaili vyote vinajengwa juu ya uhakika huo. Anayehangaikia mtindo wake kabla ya kuujenga uhakika anajitafutia kesi.

1. Anza kama mpiga picha wa pili

Usichukue harusi ya peke yako kabla hujawa msaidizi katika harusi kadhaa. Mtafute mpiga picha mwenye kazi nyingi, omba kubeba mizigo na kushika taa, kisha polepole omba kushika kamera ya pili. Kabla ya siku yenyewe mkubaliane kwa maandishi: utalipwa nini, picha utakazopiga ni za nani, unaruhusiwa kuzionyesha kama kazi yako au la, na baada ya muda gani. Ukiwa kwenye harusi ya mwenzako, usigawe namba yako ya simu kwa wageni. Wateja wa pale ni wake.

Unachopaswa kumtazama si kamera yake. Tazama miguu yake: anasimama wapi dakika tano kabla ya tukio, anahama lini, anawaombaje watu wazima wasogee bila kuwavunjia heshima. Mipangilio ya kamera utaifanyia mazoezi nyumbani. Zoezi moja lina faida kuliko mengi: usiku, kwenye chumba chenye taa moja, mwombe mtu atembee kuja kwako huku ukipiga kwa f/2.8 (f ni ukubwa wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga ndani ya kamera, ya 1/250 ya sekunde. Rudia mpaka picha nane katika kila kumi ziwe na macho yanayoonekana wazi, bila ukungu. Hiyo ndiyo hali halisi ya maharusi wanapoingia ukumbini.

2. Vifaa: kila cha lazima kiwe viwili

Kamera mbili, si moja nzuri sana. Kila moja iwe na nafasi mbili za memori kadi, na uiweke iandike picha ileile kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Kadi hufa bila kutoa taarifa, na hii ndiyo kinga pekee dhidi ya kifo hicho katikati ya ndoa. Ukilazimika kuchagua kati ya kamera mpya yenye nafasi moja na kuukuu yenye nafasi mbili, chukua kuukuu. Shata za kamera za kazi hujengwa kuhimili takriban mara 150,000 hadi 400,000, na harusi moja hula kama 3,000, kwa hiyo kabla ya kununua kamera iliyotumika, uliza idadi ya mipigo yake.

Lenzi ya 24-70mm f/2.8 itafanya zaidi ya nusu ya siku (milimita chache huona eneo pana, nyingi huvuta vya mbali). Ya 70-200mm f/2.8 ni ya mahali usiporuhusiwa kusogea karibu. Kwenye vyumba vyenye giza, 35mm au 50mm yenye f/1.8 au pungufu inaokoa. Kama mfuko hauruhusu zote, nunua ya kwanza na ya mwisho, ile ndefu kodi siku unapoihitaji. Lenzi ya kukodi ichukuliwe siku moja kabla na ijaribiwe kwenye kamera yako mwenyewe, kwa sababu baadhi huwa na fokasi (ulengaji wa ukali wa picha) iliyolegea na hutalijua hilo kwa kuitazama tu.

Flashi ziwe angalau tatu: moja juu ya kamera, mbili kwenye stendi, pamoja na triga za redio za kuziwasha kwa mbali. Kama flashi zako zinatumia betri za AA, tumia za kuchaji aina ya NiMH, seti mbili kwa kila flashi, na usichanganye betri za umri tofauti. Moja iliyochoka hudhoofisha seti nzima. Betri za kamera zisipungue nne. Kadi ziwe nyingi za GB 64 au 128 kuliko moja kubwa mno, zote zimeandikwa namba.

Usiku wa kuamkia harusi: chaji kila kitu, futa vumbi kwenye vioo, fomati kadi ndani ya kamera yenyewe wala si kwenye kompyuta, na oanisha saa za kamera zote hadi sekunde. Saa zikipishana dakika nne, ukizichanganya picha za kamera mbili utamwona bibi harusi akitoka kabla hajaingia. Programu za kuhariri zinaweza kuzisogeza saa baadaye, lakini ni kazi ya bure uliyoweza kuikwepa kwa dakika moja.

3. Panga bei kwa hesabu, si kwa kumtazama jirani

Harusi ya saa 10 si kazi ya saa 10. Weka mawasiliano na vikao saa 4, maandalizi na safari saa 3, kunakili na kuchagua saa 5, kuhariri saa 12, albamu na kukabidhi saa 6. Jumla ni saa 40, yaani wiki nzima ya kazi.

Sasa jumlisha gharama za mwaka. Kamera na kompyuta gawa bei yake kwa miaka 4, lenzi kwa miaka 8. Ongeza programu, intaneti, usafiri, bima, matangazo na matengenezo. Chukulia jumla ni 600 kwa fedha yoyote ile, na wewe mwenyewe unahitaji 1,400 kuishi. Unahitaji 2,000 kwa mwaka. Ukiwa na uhakika wa harusi 25, kila harusi lazima ikuachie 80. Ongeza gharama za harusi yenyewe: mpiga picha wa pili 12, albamu 10. Bei yako ya chini ni 102, na kodi ya serikali bado haijaguswa. Ukitoza 60 kwa sababu mwenzako anatoza 60, unapoteza 42 kila harusi, na mwisho wa mwaka pengo ni 1,050: robo tatu ya fedha uliyopanga kuishi nayo. Watu hufilisika hivi huku wana kazi kila wikendi, na wao wenyewe wasijue sababu, kwa kuwa fedha ya harusi ijayo inaziba shimo la harusi iliyopita.

Idadi ya harusi ikadirie kwa uchoyo. Harusi hujikusanya kwenye misimu na siku zilezile za wiki, na huwezi kuwa sehemu mbili.

Weka vifurushi vitatu vinavyotofautiana kwa saa, idadi ya wapiga picha na albamu. Mteja akiomba punguzo, punguza kazi pamoja na bei: ondoa saa mbili, au ondoa albamu. Ukishusha bei peke yake unamwambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya uongo. Na usiahidi "picha zote". Ahidi makadirio, kama picha 50 hadi 80 zilizohaririwa kwa kila saa ya kazi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua akaunti ya biashara iliyo mbali na ya nyumbani, na kila malipo yakiingia, tenga papo hapo fungu la kodi na fungu la kubadilishia vifaa.

4. Mkataba kabla ya tarehe kuzuiwa

Tarehe haizuiwi kwa ujumbe wa simu wala kwa ahadi ya rafiki. Inazuiwa kwa saini na malipo ya awali, kwa kawaida asilimia 30 hadi 50. Kilichobaki kilipwe siku 7 hadi 14 kabla ya harusi. Baada ya sherehe fedha imekwisha, kila mtu anadai, na mpiga picha anakuwa wa mwisho kwenye foleni.

Mkataba usio na mambo yafuatayo umekosa meno: tarehe na mahali pote mtakapokwenda, saa ya kuanza na ya kumaliza, na bei ya kila saa ya ziada, nini kitakabidhiwa, kwa njia gani na ndani ya muda gani, malipo ya awali yanakuwaje harusi ikiahirishwa au kufutwa, nani atakuja ukiugua, kiwango cha juu cha fidia endapo picha zitapotea, ruhusa ya kuonyesha picha hadharani, ambayo mteja anaweza kuikataa, chakula na mapumziko ya timu yako ikiwa kazi inazidi saa sita. Hicho kipengele cha mwisho wengi huona aibu kukiandika. Kiandike. Mtu aliyesimama tangu asubuhi bila kula hufanya makosa saa tatu usiku.

Kuhusu atakayekushikia nafasi: usiandike tu kwamba utaleta mwingine. Kuwa na wapiga picha wawili watatu mliokubaliana kabisa kusaidiana, wanaojua uhariri wako, na ambao nawe utawaitikia siku wakiugua.

Hakimiliki ina utata wake. Mkataba wa kimataifa wa Berne wa mwaka 1886, pamoja na marekebisho yake, unalinda picha bila kuhitaji usajili, lakini ni nani anayemiliki picha zilizoagizwa na mteja, hapo sheria za nchi hutofautiana. Kwa hiyo andika wazi: mpiga picha anabaki na hakimiliki, maharusi wanapata haki ya kuchapisha na kugawa kwa matumizi yao binafsi, lakini si kuuza. Mwombe mwanasheria wa nchi yako ausome mkataba huo mara moja. Utautumia miaka mingi.

5. Kikao cha mwisho na ratiba

Wiki mbili hadi tatu kabla, kaa na maharusi na uwaulize mambo ambayo macho yako hayawezi kuyajua. Tukio lipi hasa ndilo linalofanya ndoa iwe ndoa kwa familia zao, na linachukua sekunde ngapi? Nani hapigwi picha? Wazazi waliotengana wanakubali kusimama pamoja? Kuna mgonjwa au mzee ambaye hatakaa mpaka mwisho? Nani mwenye amri siku hiyo, ambaye utamwona ratiba ikivurugika?

Kisha andika ratiba ukirudi nyuma kutoka saa ya tukio lenyewe. Maandalizi dakika 90, usafiri mara moja na nusu ya muda wa kawaida, picha za makundi dakika 30, picha za wawili dakika 40. Picha za wawili ziwekwe ndani ya saa ya mwisho kabla jua halijazama. Tafuta saa ya kuzama kwa jua ya tarehe hiyohiyo, usikisie. Mpe nakala ya ratiba mshereheshaji, mpiga video na msimamizi wa ukumbi. Tembelea ukumbi kwa saa ileile ya sherehe. Saa nne asubuhi haikwambii kitu kuhusu saa mbili usiku.

6. Siku yenyewe

*Chumba cha maandalizi.* Zima taa za dari, fungua mapazia, msogeze bibi harusi mita moja au mbili kutoka dirishani, uso ukielekea dirisha kwa pembe. Ukiacha taa ya njano ikiwaka pamoja na mwanga wa dirisha, upande mmoja wa uso utakuwa wa machungwa na wa pili wa buluu, na hakuna programu inayoitenganisha vizuri. Ondoa mifuko na chupa kwenye pembe ya chumba utakayoitumia. Pete, viatu, mialiko na gauni vipigwe mwanzoni kabla chumba hakijajaa.

Hapa ndipo mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, huanza kudanganya. Imefundishwa kwamba kila kitu ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaza fremu, mita hutia giza na gauni linatoka limechafuka. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili). Suti nyeusi ikijaza fremu, hufanya kinyume, na uso unaungua. Punguza kiasi hichohicho. Ngozi nyeusi karibu na gauni jeupe ndiyo mtihani mkubwa, na wengi huufeli kwa kulinda gauni mpaka uso unapotea. Piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalibana), pandisha mwanga mpaka kingo za gauni zianze tu kugusa ukomo wa histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, kisha rudi nyuma kidogo. Na usimwangazie mtu mwenye ngozi nyeusi kwa mbele moja kwa moja kwa taa ndogo. Inaacha doa linalong'aa kwenye paji la uso na mashavu yanakuwa bapa. Dirisha kubwa au mwavuli wa pembeni huchora mfupa wa shavu na taya kwa mng'ao laini, na ngozi inaonyesha rangi yake ya kweli.

*Tukio la ndoa.* Muulize anayeongoza ibada au shughuli, kabla haijaanza: unaruhusiwa kusimama wapi, flashi inaruhusiwa, kuna wakati wa kutopiga kabisa? Jibu lake ni la mwisho hata kama maharusi walikuambia vingine. Usiende chini ya 1/125 kwa watu waliosimama, 1/250 kwa wanaotembea, isipokuwa taa zinazopepesa zikikulazimisha, kama utakavyoona hapa chini. Pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila woga: picha yenye chembechembe inachapishika, picha iliyocheza haitibiki.

Kama unatumia shata ya kielektroniki ili isilie, jaribu kwanza chini ya taa za mahali hapo. Taa nyingi za LED na za mirija hupepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa Hz 50, na mara 120 kwenye Hz 60. Jicho halioni, lakini picha inatoka na mistari ya giza. Dawa ni shata ya kawaida, kasi ya 1/100 au 1/50 kwa umeme wa kwanza, 1/60 au 1/125 kwa wa pili, na kipengele cha kuzuia kupepesa kama kamera inacho.

Kama mko wawili, mmoja abaki na nyuso za maharusi bila kuhama. Wa pili achukue wazazi na ukumbi mzima. Wote wawili wakiukimbilia upande mmoja, harusi nzima inakuwa na pembe moja.

*Picha za makundi.* Ukiwa na makundi kumi, hesabu dakika tatu kwa kila moja. Yakizidi kumi na tano, waambie maharusi ukweli wa muda wakati wa kikao, si siku hiyo. Orodha iwe imeandikwa, na mwite ndugu mmoja mwenye sauti anayewajua watu kwa sura, mmoja kila upande wa familia. Anza na kundi kubwa lenye wazee, watoto na watu wanaotaka kuondoka, kisha punguza watu bila kuwahamisha maharusi.

Safu moja, f/4 inatosha. Safu mbili au tatu, f/5.6 hadi f/8, na fokasi iwe kwenye safu ya mbele au kati ya ya kwanza na ya pili. Wengi huacha f/2.8 kwa mazoea na kugundua nyumbani kwamba shangazi wote wa safu ya nyuma wana ukungu. Usitumie lenzi pana kuliko 35mm kwa kundi ukiweza kurudi nyuma, maana waliosimama pembezoni hunyooshwa na kunenepeshwa. Piga fremu tano kwa kila kundi. Watu ishirini hawafumbui macho kwa pamoja katika fremu moja. Miwani ikiakisi taa, mwambie mtu ateremshe kidevu kidogo au pandisha stendi. Na jua likiwa utosini, usipange watu juani ili waonekane vizuri: wapeleke kwenye kivuli cha jengo kilicho wazi mbele, wakiitazama anga.

*Picha za wawili.* Wape kitu cha kufanya badala ya kuwaambia watabasamu: tembeeni polepole, simameni, mnong'oneze jambo. Mikono ndiyo inayosaliti picha, kwa hiyo kila mkono uwe na mahali pa kukaa. Kama mnatoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la unyevu, lenzi itapata ukungu wa maji na kuupangusa hakusaidii, unarudi. Iweke kamera kwenye begi lililofungwa na uipeleke nje dakika 20 kabla.

*Ukumbini usiku.* Kama dari ni nyeupe na iko mita tatu hivi, elekeza kichwa cha flashi juu na nyuma kidogo, ISO 1600, f/2.8 au f/4, 1/125. Dari ya rangi itapaka watu wote rangi yake, na dari ndefu au nyeusi hairudishi kitu. Flashi itapiga nguvu zote, itapata moto na kujizima. Hapo weka stendi mbili pembeni mwa uwanja wa kucheza, zikitazamana kwa mshazari, urefu wa mita 2.5, nguvu 1/16 hadi 1/8 ya uwezo wa flashi. Kasi ya shata inatawala mwanga wa ukumbi. Tundu la lenzi na ISO vinatawala ukumbi na flashi kwa pamoja. Ukitaka taa za mapambo zionekane zaidi, teremsha shata hadi 1/60 na uache mengine. Ukipanda juu ya kasi ya ulinganifu ya kamera, yaani kasi ya juu kabisa ya shata inayokwenda sambamba na flashi, ambayo mara nyingi ni 1/200 au 1/250, utaona utepe mweusi chini ya picha. Kumbuka pia kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga wa flashi unabaki robo, kwa hiyo anayecheza karibu na stendi ataungua huku wa katikati yuko sawa. Sogeza stendi mbali zaidi, ongeza nguvu, na tofauti inapungua.

Stendi zote ziwekewe uzito miguuni na waya zibandikwe sakafuni kwa tepu. Mtoto akiangukiwa na taa, hakuna picha itakayolifuta hilo. Na taa za leza za DJ zisikuelekee kwenye lenzi hata sekunde moja. Zinaweza kuchoma sensa, sehemu inayopokea mwanga ndani ya kamera, na kuacha mstari wa kudumu kwenye kila picha. Zungumza na DJ mapema, na kipengele hicho kiwemo kwenye mkataba.

Katikati ya kazi usifute picha yoyote kwenye kamera. Kadi iliyojaa iingie kwenye kijaluba, uso ukiangalia chini kama alama ya kwamba imetumika, na kijaluba kiwe mwilini mwako. Si kwenye begi, wala si kwenye gari. Kadi ikianza kuleta ujumbe wa hitilafu, itoe na usiiandikie tena kitu chochote. Programu za kurejesha mafaili huokoa mengi kama hakuna kilichoandikwa juu yake.

7. Usiku huohuo

Kabla ya kulala, mafaili yawe kwenye diski mbili tofauti, na kadi zibaki hazijaguswa. Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha fungua picha chache za mwanzo, katikati na mwisho kwa ukubwa kamili. Faili kuwepo si sawa na faili kufunguka. Diski ya tatu, au nakala ya mtandaoni, ikae nje ya nyumba yako, kwa sababu moto na mwizi hawachagui diski moja.

Hesabu ya mtandao uifanye mapema. Picha 3,000 za RAW za MB 30 ni GB 90. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde, hiyo ni saa 20 bila kukatika. Kama intaneti yako ni dhaifu, mpelekee ndugu diski ya tatu, na upandishe mtandaoni zile JPEG (picha zilizobanwa, nyepesi kuliko RAW) zilizochaguliwa tu: picha 600 za MB 10 ni GB 6, dakika 80 hivi. Kadi zifomatiwe baada ya nakala zote tatu kuthibitishwa.

8. Kuchagua na kuhariri

Chagua za kubakiza, usitafute za kutupa. Anayetafuta za kutupa huishia na picha 1,500 zinazofanana. Pitia mara ya kwanza haraka ukiweka alama, pumzika siku moja, pitia mara ya pili kati ya zilizo na alama. Kutoka 3,000, 500 hadi 700 zinatosha. Picha ya mzee aliyefumba macho lakini ndiyo pekee aliyomo, ibaki.

Rekebisha picha moja ya kila eneo mpaka ikuridhishe, halafu nakili mipangilio yake kwa zote za mwanga uleule. Anza na rangi nyeupe na ngozi, mitindo mwishoni. Skrini isirekebishwe kwa macho: tumia kifaa cha kupimia, weka mwangaza kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Skrini inayong'aa kupita kiasi ndiyo sababu kubwa ya picha kutoka nyeusi kwenye uchapishaji. Mafaili ya mteja yatolewe kwa sRGB, mpangilio wa rangi wa skrini za kawaida. Ukimpa Adobe RGB, mpangilio wenye rangi pana zaidi, kwenye skrini nyingi rangi zitaonekana zimekufa. Picha ya sentimita 20 kwa 30 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 2,362 kwa 3,543, kwa hiyo usikate picha hovyo.

9. Kukabidhi

Ndani ya saa 48 tuma picha 10 hadi 20 zilizokamilika. Furaha bado iko juu, ndugu wanazisambaza, na hizo ndizo zinazoleta simu za wateja wapya. Zilizobaki, kama unajua unamaliza kwa wiki sita, andika nane kwenye mkataba. Ukichelewa, mwambie mteja kabla ya tarehe kufika. Anayeuliza mara mbili bila jibu ameshaanza kuwasimulia wengine.

Albamu ya kurasa pacha 10 hadi 15 hubeba picha 60 hadi 100. Uso usikae kwenye mkunjo wa katikati, na kitu muhimu kisiwe ndani ya milimita 5 za ukingo, kwani kisu cha mchapaji hula. Maharusi waidhinishe mpangilio kwa maandishi kabla haujaenda kuchapwa, pamoja na tahajia ya majina yao.

10. Kupata harusi inayofuata

Picha 30 hadi 40 zinatosha kuonyesha kazi yako, lakini weka pia harusi moja nzima kuanzia asubuhi hadi usiku. Mteja makini anajua kwamba kila mtu ana picha kumi nzuri. Anataka kuona ukumbi wenye giza ulivyotoka. Usionyeshe picha za vikao vya kuigiza kana kwamba ni harusi za kweli.

Jibu kila ulizo siku ileile, kwa bei ya kuanzia na swali moja la tarehe. Baada ya kila harusi, watumie msimamizi wa ukumbi, mpambaji na mtengeneza nywele picha za kazi zao, kwa idhini ya maharusi. Hao hukutana na maharusi wapya kila wiki, na watamtaja aliyewakumbuka. Mteja akilalamika, msikilize mpaka mwisho, fungua mkataba, rekebisha kinachorekebishika ndani ya siku saba, na majibu yote yawe kwa maandishi.

Andika kwenye mkataba utazihifadhi picha zake kwa muda gani baada ya kukabidhi, kwa mfano mwaka mmoja. Mwezi mmoja kabla ya muda huo kwisha, mtumie ujumbe apakue kila kitu na kukiweka sehemu mbili. Diski za kumbukumbu zichomekwe na kukaguliwa mara moja kila mwaka, na yoyote iliyofika miaka mitano inakiliwe kwenye mpya ingawa bado inafanya kazi.